Modeli yetu ya kichwa cha treni cha Seguin: kikisimama, moto unakufa. Tumekosea wapi?

Mwl_Fizikia (Arusha)

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Nafundisha fizikia sekondari moja hapa mjini. Nina klabu ya sayansi, vichwa kumi na moja, na mwaka huu wamegoma kupeleka kwenye maonyesho ile volkano ya siki na magadi. Wametaka kichwa cha treni cha mvuke, na kiwe kinatembea kweli. Nadhani ugonjwa uliwaingia mwaka 2020, treni ya abiria iliporudi Arusha. Walikuwa wadogo, wazazi wakawapeleka stesheni kuiangalia.

Nikapekua michoro, nikaangukia kichwa cha Marc Seguin, Mfaransa wa mji wa Annonay, kilichojaribiwa mwaka 1829 kwa ajili ya reli ya Saint-Étienne hadi Lyon. Nilikipenda kwa sababu kila kitu kiko nje, mtoto anaona. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, imelala kama pipa. Silinda mbili zimesimama wima, moja kila ubavu. Na nyuma, kwenye tenda, yaani kibehewa cha maji na makaa, kuna mafeni mawili makubwa yanayozungushwa na magurudumu ya tenda yenyewe, hewa inapita kwenye mabomba ya ngozi mpaka chini ya moto. Wanafunzi walipoona hayo mafeni waliniambia mwalimu, hiki hiki.

Tulichofanya: boila ni bomba la chuma la inchi nne, urefu sentimeta 40. Fundi wa mtaa wa Unga Limited alilikata na kuchomelea vifuniko. Ndani tumepitisha mirija 12 ya shaba, ile ya mafundi friji, ya robo inchi. Moto ni mkaa, uko chini. Feni tumeitoa kwenye kompyuta mbovu, tukang'oa mota, tukafunga mkanda kutoka kwenye ekseli ya tenda. Mahali pa bomba la ngozi tumeweka tyubu ya baiskeli. Reli ni engo aini, mita sita.

Tatizo ni hili. Tukikisukuma kwa mkono huku na huku, mkaa unawaka mwekundu na sindano ya geji inapanda. Tukikiachia, kinakwenda mita moja na nusu, kinachoka. Kikisimama, haipiti dakika moja mkaa umevaa majivu na sindano inarudi. Mkuu wetu alipita kuangalia, akauliza: "Sasa mwalimu, hiki ni kichwa cha treni au mkokoteni?" Watoto walicheka sana. Mimi nilicheka kidogo.

Naomba kujua: Seguin mwenyewe alipata shida hii? Na sisi tufanyeje? Zimebaki wiki tatu.

chalii_wa_Sakina

Mwalimu kwani Wafaransa nao walikuwa na treni za mvuke? Mimi najua yule Mwingereza Stephenson na kichwa chake kinachoitwa Rocket, basi. Badilisha tu mchoro, ufanye Rocket, uende na wanaojulikana.

Meku_Boila (Moshi)

Marahaba mwalimu. Na wewe chalii subiri kwanza, usimkimbize mtu kwenye kazi yake.

Nimekaa mbele ya boila miaka ishirini na saba, kiwanda kimoja huku bondeni, na nimestaafu vidole vyote kumi vikiwepo, jambo ambalo si kila mwenzangu anaweza kusema. Kwa hiyo nikuambie ninachokiona.

Hujakosea kutengeneza. Umetengeneza sawasawa mpaka kosa la Seguin mwenyewe umelinakili.

Nimekulia Mamba, jirani na wahunzi. Kazi yangu utotoni, nikitoka shule, ilikuwa kukaa nyuma ya mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi: mkono huu unabonyeza, ule unainua, usiachie upepo ukatike. Mhunzi hakuniambia haraka wala polepole. Aliangalia rangi ya chuma. Akikohoa, naongeza. Akifua jembe upepo ni mwingi, akifua kisu upepo ni kidogo, akiweka koleo chini kunywa mbege nami napumzika. Upepo ulifuata kazi.

Sasa itazame feni ya Seguin. Imefungwa kwenye magurudumu, kwa hiyo haifuati kazi, inafuata mwendo. Fikiria kichwa kimebeba mzigo, kinapanda mlima. Mwendo umeshuka, ni wa mtu anayetembea kwa miguu. Hapo ndipo silinda zinameza mvuke kuliko wakati wowote, na hapo hapo ndipo feni inazunguka kivivu. Kikianza kuteremka hakihitaji mvuke, lakini sasa feni inapuliza kama ina kichaa, moto unanguruma na valvu ya usalama inalia. Kinyume kabisa. Na kikisimama stesheni, ndiyo hayo unayoyaona wewe: majivu.

Kwa hiyo ndiyo, alipata shida hiyo hiyo. Njia yake ilimsaidia kidogo, maana kutoka Saint-Étienne kwenda bonde la mto Rhône ni mteremko, na mabehewa ya makaa ya mawe yaliweza kuteremka kwa uzito wao. Wewe una mita sita za tambarare na mwalimu mkuu.

Dawa yake ndiyo aliyokuwa nayo huyo Rocket wa chalii. Mvuke ukishasukuma pistoni bado una nguvu. Badala ya kuuachia pembeni, unaelekezwa ndani ya dohani, juu, kupitia tundu jembamba. Unatoka kwa kasi, unakokota moshi uliopo, nyuma yake hewa mpya inavutwa kupita kwenye moto na mirija. Ule mlio ambao watoto wote wanauiga wakicheza treni, chaka-chaka-chaka, ndio pumzi hiyo, kila pistoni ikimaliza pigo. Na sasa ona utamu wake: kichwa kikifanya kazi ngumu, mvuke unaotoka ni mwingi, basi pumzi ni kubwa, basi moto ni mkali, basi mvuke ni mwingi. Hakuna anayekohoa, mvukuto wenyewe unajua. Watu wanaisifu Rocket kwa mirija. Kwangu mimi mirija si habari ya Rocket, habari yake ni pumzi.

Maana mirija ni ya Seguin. Hapo chalii ndipo unaposhushwa.

Kabla yao, ndani ya boila ya kichwa cha treni palikuwa na bomba moja kubwa, au moja lililokunjwa likarudi. Moto unapita katikati, maji yako pembeni, joto jingi linatoka kwenye dohani halijamgusa mtu. Seguin akaliondoa hilo bomba, akaweka mirija 43. Sasa mwalimu hii wape wanafunzi waifanye ubaoni: chukua mirija 43, kila mmoja kipenyo chake sentimeta 4 na urefu mita 3. Kuta zake zote zinazogusa maji ni kama mita za mraba 16. Kisha chukua bomba moja lenye mdomo mpana sawa na midomo yote hiyo 43 ukiijumlisha. Litakuwa na kipenyo cha sentimeta 26 hivi, na ukuta wake ni mita za mraba mbili na nusu tu. Nafasi ya moshi kupita ni ile ile, lakini ngozi inayokunywa joto imekuwa kubwa mara sita na nusu. Ndiyo kipeuo cha pili cha 43. Mimi nilifundishwa hivyo na fundi mmoja aliyeishia darasa la saba, alichora kwa chaki kwenye mlango wa tanuru.

Ila mirija ina gharama yake, nayo ndiyo iliyomleta Seguin kwenye mafeni. Mrija mwembamba unabana pumzi. Moshi hautaki kupita kwa hiari, na dohani ya treni huwezi kuifanya ndefu kama ya kiwanda. Lazima uusukume kutoka mbele au uuvute kutoka nyuma. Yeye akasukuma, Waingereza wakavuta. Miaka michache baadaye kila kichwa cha treni duniani kikawa na mirija ya namna ya Seguin na pumzi ya namna ya Rocket, na huku kwetu vilivyokuja Moshi vilikuwa hivyo hivyo.

Turudi kwenye kosa ambalo ni lako peke yako. Mirija ya robo inchi! Hiyo mwalimu ni sindano. Moto wa mkaa utaiziba kwa majivu kabla hujamaliza kuwasalimia wageni. Pale kiwandani mirija yetu ilikuwa mipana, na bado kila baada ya siku chache tuliipiga brashi ya waya, mmoja mmoja. Kulikuwa na msimamizi aliyekuwa anaandika kitabuni "imesafishwa" wakati haijasafishwa, ili mashine isisimame. Mimi nilikuwa namjua kwa kipimajoto cha dohani. Masizi ni blanketi: joto likishindwa kuingia kwenye maji linakimbilia dohani, na kipimajoto kinapanda siku hadi siku. Nilipomwonyesha alisema kipimajoto ni kibovu. Akaagiza kingine. Nacho kikasema vile vile.

Toa hiyo 12, weka mitano ya nusu inchi. Utapoteza ukuta kidogo, utapata pumzi.

Na hili usilipitie kwa haraka: mirija hiyo umeiunganisha na nini? Kama ni risasi ya redio, zima moto leo. Maji yakishuka chini ya mrija hata mara moja, risasi inayeyuka. Tafuta fundi friji mzuri akuunganishe kwa risasi ya fedha (silva). Kisha kabla ya moto wowote, jaza boila maji baridi mpaka juu, isibaki hewa, na uipampu kwa pampu ya mkono ya mafundi bomba hadi mara mbili ya presha utakayotumia. Maji, si hewa. Ikipasuka na maji itakulowesha, ikipasuka na hewa itakuzika. Valvu ya usalama iwe na springi uliyoijaribu mwenyewe. Watoto wakae nyuma ya meza.

Binti_Rau

Shikamoo Meku. Nimesoma mpaka chai imepoa.

Ila swali: kwa hiyo tuseme nani wa kwanza? Maana kwenye maonyesho majaji watauliza, na mwanafunzi akijibu "wote" watamkata alama.

Meku_Boila (Moshi)

Marahaba binti. Awajibu kwa tarehe. Hati ya uvumbuzi ya Seguin, ya boila ya mirija, ilitolewa tarehe 22 Februari 1828. Rocket ilishinda mashindano ya vichwa vya treni ya Rainhill, Uingereza, Oktoba 1829, ikiwa na mirija 25 ya shaba, na wazo la mirija alilitoa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli iliyoandaa mashindano hayo, si Stephenson. Hakuna aliyemwibia mwenzake, kila mmoja alifika kwa mguu wake. Tena Seguin alikuwa mteja wa Stephenson: alinunua kwake vichwa viwili avichunguze, akaona havitoi mvuke wa kumtosha, ndipo akakuna kichwa.

Na majaji wakitaka kwenda nyuma zaidi kuna Cugnot, mwanajeshi Mfaransa, miaka ya 1769 na 1770. Huyo gari lake halikupita kwenye reli, lilikuwa la barabarani, magurudumu matatu, la kuvuta mizinga. Bado lipo Paris, jumba la makumbusho la Arts et Métiers. Boila kubwa kama sufuria ya msibani imening'inizwa mbele ya gurudumu la mbele, na gurudumu hilo hilo ndilo linalokata kona. Jaribu kukata kona umebeba sufuria ya pilau mbele ya usukani, utamwelewa. Mvuke ukiisha unasimama, unasubiri uchemke tena.

Halafu Seguin asitajwe kwa treni tu. Kabla ya reli alishajenga daraja la kuning'inia kwa nyaya juu ya mto Rhône, pale Tournon, mwaka 1825. Na mama yake ni wa ukoo wa Montgolfier, wale wa puto la hewa moto la mwaka 1783. Mtu wa nyumba ile kujua hewa ya moto inavyopanda si ajabu.

Dereva_Holili

Naingilia kidogo wakuu, mimi si mtu wa boila, ni mtu wa ekseli.

Mwaka juzi nimetoka Himo na mzigo wa saruji, barabara nzuri, mwendo wa kawaida, ekseli ya nyuma ikakatika paa. Sikupiga shimo wala tuta. Mwenye gari akaniambia nimeendesha vibaya, akanikata mshahara miezi miwili. Fundi alipoitoa, nusu ya pale ilipokatika ilikuwa laini, nyeusi, kama imesuguliwa zamani. Nusu nyingine ilikuwa mpya, inang'aa, ina chembechembe kama sukari guru. Akasema hii ilishaanza kukatika miezi mingi nyuma, leo imemaliza tu.

Sasa nilivyosoma mambo ya Wafaransa hapa nikakumbuka ile ajali ya Meudon, tarehe 8 Mei 1842, treni ya kutoka Versailles kurudi Paris. Watu walitoka kwenye sherehe, treni imejaa, vichwa viwili mbele. Ekseli ya kichwa cha kwanza ikakatika. Vingine vikapanda juu yake, makaa ya moto yakamwagika, mabehewa ya mbao yakashika. Na milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa nje, ndiyo ilikuwa desturi. Walikufa zaidi ya watu 50, yumo na Dumont d'Urville, yule baharia aliyezunguka dunia mpaka barafu ya kusini, na mkewe na mtoto wao. Mtu kapona bahari zote hizo.

Baada ya pale desturi ya kufungia abiria ikaachwa, na wahandisi wakaanza kuchunguza ni kwa nini chuma kizima kinachoka bila kuonekana. Mimi ningekuwa na hayo maneno wakati ule mshahara wangu ungerudi.

Meku_Boila (Moshi)

Pole sana dereva. Ile sehemu laini ni ufa uliokuwa unasugua kuta zake kila gurudumu linapozunguka. Ungeipiga picha.

Mwl_Fizikia (Arusha)

Meku, asante mno. Hesabu ya mirija nimeiweka ubaoni leo, kidato cha tatu wameipata wenyewe bila mimi kuwatajia kipeuo. Mirija ilikuwa imeunganishwa kwa risasi ya redio. Nimezima moto kama ulivyosema.

Swali la nyongeza. Tukielekeza mvuke kwenye dohani, si nao utakoma kichwa kikisimama? Naona tumehamisha tatizo.

Na maji? Boila ndogo inakauka upesi. Tunafungua kizibo, tunajaza, tunaanza upya. Huko kwao walifanyaje treni ikiwa inatembea?

Meku_Boila (Moshi)

Umeuliza vizuri kuliko wakaguzi wengi niliowahi kuwaona.

La kwanza: kweli, pumzi ya silinda nayo inakoma ukisimama. Ndiyo maana baadaye waliongeza kijibomba kingine kinachochukua mvuke moja kwa moja kutoka kwenye boila na kuupuliza ndani ya dohani, kina koki yake. Tulikiita bloa. Ukisimama unakifungua kidogo, ukiondoka unakifunga. Kwenye modeli yako weka koki ndogo tu. Na wakati wa kuwasha, kabla hakuna mvuke wowote, tumia ile feni ya kompyuta na betri yake, uiweke juu ya dohani ivute, kisha uiondoe. Hata stesheni za kweli kuwasha kichwa kilichopoa ilikuwa kazi ya saa nyingi, usione aibu.

La pili ndilo ninalolipenda. Mwanzoni walikuwa na pampu inayoendeshwa na mwendo wa kichwa chenyewe. Maana yake treni ikisimama muda mrefu, pampu imesimama, maji yanashuka, na dereva analazimika kukitembeza kichwa huku na huku kwenye reli ya pembeni ili tu kijaze maji. Unaona? Ugonjwa ule ule wa feni: kitu cha lazima kimefungwa kwenye gurudumu.

Aliyeutibu ni Mfaransa mwingine, Henri Giffard, mwaka 1858, kwa kitu kinaitwa injekta. Ni kama chupa ya shaba iliyobanwa kiuno. Haina pistoni, haina gurudumu, haina kinachozunguka. Unachukua mvuke wa boila, unaupitisha kwenye tundu jembamba, unakimbia sana, unakutana na maji baridi, unageuka maji papo hapo na kuyapa maji yale mbio zake. Maji yanapita kwenye koo, kisha njia inapanuka, mbio inageuka presha, na presha hiyo inazidi ya boila, inasukuma valvu, yanaingia. Mvuke wa boila unaingiza maji kwenye boila ile ile uliyotoka. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilisema huo ni uchawi wa Pare. Giffard mwenyewe kabla ya hapo, mwaka 1852, alishapanda angani Paris kwa puto lenye injini ya mvuke, basi mtu wa namna hiyo usibishane naye.

Baba yangu mkubwa alikuwa fayamani, mchochea moto wa treni, wakati wa Reli ya Afrika Mashariki, njia ya Tanga na ile ya Voi. Alikuwa anasema fayamani anajulikana kwa sikio. Injekta ikishika inaimba sauti moja nyororo, ikikataa inakoroma na kumwaga maji chini. Akiwa kihambani, mzee kabisa, mtu akifungua bomba la maji likakoroma, anasema: "Haijashika hiyo, funga uanze tena."

Nami ilinifaa. Usiku mmoja umeme ulikatika kiwandani, pampu kubwa ya maji ikasimama. Jenereta haikuwaka. Tanuru limejaa bagasi, makapi ya miwa, inawaka, huwezi kuizima kama kibatari. Naangalia kioo kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya boila: kimeshuka robo, kimeshuka nusu. Tulikuwa na injekta ya akiba pembeni, ya zamani, imejaa vumbi. Nikafungua maji, nikafungua mvuke. Ikakoroma. Nikafunga, nikafungua. Ikakoroma. Jasho likanitoka hadi viatuni. Ndipo nikashika bomba la maji yanayoingia, nikaondoa mkono haraka: ya moto. Yule msimamizi wa kipimajoto alikuwa ameagiza tanki lile lijazwe maji ya moto yanayorudi kutoka mashineni, ili kuokoa kuni. Kwa pampu ni akili nzuri. Kwa injekta ni sumu, maana mvuke ukikutana na maji ya moto haugeuki maji, na kama haugeuki hakuna mbio.

Nikamtuma kijana akafungue maji ya bomba la mtaro, baridi ya mlimani. Mimi nikavua shati, nikalilowesha, nikaizungushia injekta na kuendelea kuimwagia maji kwa kopo. Nikafungua tena. Ikakoroma, ikasita, halafu ikaimba.

Kioo kilipoanza kupanda nilikaa chini kwenye majivu. Sikusimama mpaka umeme uliporudi.

Lakini kwenye modeli yako usijaribu injekta, ni ndogo mno na ni kazi ya mtu wa lathe. Weka pampu ndogo ya mkono. Hata ile ya kupulizia dawa ya migomba, ukiisafisha vizuri, itasukuma maji kwenye presha ndogo, ila iwe na valvu ya kuzuia yasirudi.

chalii_wa_Sakina

Meku nimeshuka. Nimeshuka kabisa. Rocket naiacha hapa hapa.

Mwl_Fizikia (Arusha)

Wakuu, mrejesho.

Mirija mitano ya nusu inchi, imeunganishwa kwa risasi ya fedha. Jaribio la maji baridi tulifanya mara mbili. La kwanza lilivuja kwenye kifuniko cha nyuma, tunamshukuru Mungu ilikuwa maji. Mvuke wa silinda tumeupeleka kwenye dohani kupitia tundu la milimita mbili. Feni za Seguin tumeziacha mahali pake kwenye tenda, zinazunguka kwa ajili ya historia, ila tyubu ya baiskeli tumeichomoa. Mwanafunzi wa kike wa kidato cha pili ndiye atakayeeleza kwa nini imechomolewa, amechora mhunzi na kichwa cha treni upande kwa upande.

Jumamosi kimekwenda mita sita zote chenyewe na kugonga kizuizi. Mara nne. Mlio ndio huo huo, chaka-chaka.

Kimebaki kimoja. Dohani inarusha matone ya maji yenye masizi. Mkuu alikuwa amesimama mbele kabisa, shati jeupe. Hajasema kitu mpaka sasa.

Meku_Boila (Moshi)

Hayo matone maana yake umejaza maji mengi mno, yanapanda na mvuke. Punguza hadi robo tatu ya kioo.

Mkuu mwambie siku ya maonyesho avae kaunda suti ya kijivu.